Mwalimu, kusikiliza nako kunapimwa?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi walio katikati ya kozi ya mawasiliano baina ya watu, ile ambayo vyuo vingi huiita stadi za mawasiliano na kumlazimisha kila mtu aisome, awe wa uhasibu, wa uuguzi au wa ufundi. Nimeifundisha kwa miaka 19. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu aliyeiandika ameuliza jambo ambalo nami limenikaa moyoni muda mrefu.

*Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili, nasomea uhandisi wa umeme. Kwenye kozi ya mawasiliano, mtihani wa kuandika nimepata 52 kati ya 60. Mchoro wa Shannon, ule wa ujumbe kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, niliuchora wote na vikwazo vya mawasiliano nikavitaja vyote. Vitendo nimepata 13 kati ya 40. Zoezi lenyewe lilikuwa kumsikiliza mwenzangu kwa dakika tano akieleza jambo linalomsumbua, basi. Nilimsikiliza, nikampa na ushauri mzuri. Mkufunzi ameandika kwenye karatasi yangu neno moja: "Hukumsikiliza." Mimi si kiziwi. Kusikiliza nako kunapimwa? Na mtu aliyeanza kuongea akiwa na mwaka mmoja anafundishwa nini tena?*
*Mhandisi Mtarajiwa*

Marahaba, mwanangu. Kunapimwa, na nitakueleza kunapimwaje. Lakini nianze na huo mwaka mmoja, maana fundo liko hapo.

Mwaka 2009 watafiti walichapisha kazi waliyolinganisha mazungumzo ya kila siku katika lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia. Walipima kitu kimoja: mtu akiuliza swali la ndiyo au hapana, muda gani unapita kabla hajajibiwa? Wastani wa jumla ulikuwa kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Sasa chukua kipimo kingine kinachojulikana: ukimwonyesha mtu picha ya kitu anachokijua, mpaka alitamke jina lake hupita zaidi ya nusu sekunde. Wewe ni wa uhandisi, piga hesabu. Neno moja linahitaji zaidi ya nusu sekunde kuandaliwa, na bado jibu linatoka mapema kuliko hapo. Haiwezekani isipokuwa kwa njia moja: tunaanza kutunga jibu wakati mwenzetu bado anaongea.

Hicho ndicho ulichojifunza utotoni, na si kitu kidogo. Bila hicho mazungumzo yangekuwa na mashimo kila baada ya sentensi. Lakini ndicho kinachokuponza siku mtu anapokuletea jambo zito, kwa sababu mara nyingi jambo lenyewe linakaa mwishoni mwa sentensi, na mwishoni mwa sentensi wewe umeshahama, uko kichwani mwako unapanga la kusema.

Mchoro uliokupa alama zako 52 hauwezi kukuonyesha hilo. Mhandisi wa Marekani, Claude Shannon, aliutoa mwaka 1948 akishughulikia simu na telegrafu, na mwenyewe alisema wazi kwamba maana ya ujumbe haihusiki na tatizo lake la kihandisi. Alichotaka ni kwamba kilichotumwa upande huu kifike kilivyo upande wa pili. Maneno ya mwenzako yalikufikia yote. Mkufunzi alikuwa anatazama ulichoyafanyia yalipofika.

Darasani kwangu zoezi hilo hufanywa na watu watatu: msemaji, msikilizaji, na mtazamaji mwenye karatasi na kalamu. Tunarekodi kwa simu, msemaji akiwa ameridhia. Kisha msikilizaji anakwenda kuyaandika mazungumzo yote neno kwa neno, na vicheko, na "eeh", na ukimya. Dakika tano za kuongea zinakula zaidi ya saa nzima ya kuandika. Wanafunzi wanalichukia zoezi hili na mimi siwaondolei, kwa sababu hapo ndipo mtu anapojisikia kwa mara ya kwanza. Haya ni mazungumzo ya aina ninayokutana nayo kila muhula:

— Tangu wiki iliyopita naogopa kuingia maabara. Nikifika mlangoni tu…
— Ah, maabara! Hata mimi muhula uliopita ilinitesa. Lakini nilimfuata mkufunzi, nikamwambia ukweli, akanisaidia. Na wewe mfuate.
— Eeh.
— Yaani usiogope. Ni watu kama sisi.
— Sawa.
— Si unaona? Ni jambo dogo.
— Kweli. Asante.

Angalia upande wa msemaji. Alianza na sentensi mbili, ya pili hakuimaliza. Baada ya hapo ana "eeh", "sawa" na "kweli". Ukisikiliza rekodi hiyo harakaharaka utasema watu wameelewana, tena kwa adabu. Lakini mlangoni mwa maabara kulitokea nini? Hakuna ajuaye. Msikilizaji alisikia neno "maabara" akalidakia, akaingiza ya kwake. Mwanasosholojia wa Marekani, Charles Derber, aliyachambua majibu ya namna hii mwaka 1979 na kuyagawa mawili: lile linalohamishia mazungumzo kwangu na lile linalomwacha mwenzangu aendelee na lake. "Hata mimi" ni la kwanza. "Ukifika mlangoni inakuwaje?" ni la pili. Mtazamaji anahesabu hayo. Anahesabu pia mara ulizomkatiza, maswali yanayojibika kwa neno moja na yale yanayomfungua mtu, na kama kuna mahali popote ulipomrudishia ulichosikia ili akuthibitishie au akusahihishe. Hizo ndizo alama 40. Zinahesabika kama volti.

Na ushauri wako mzuri? Naamini ulikuwa mzuri. Wangu pia ulikuwa mzuri.

Mwaka wangu wa sita kazini, mwanafunzi mmoja alisimama mlangoni mwa ofisi yangu. Hakuingia. Mkono wake mmoja ulishika fremu ya mlango. Akasema, "Mwalimu, nafikiria kuacha chuo, maana siku hizi hata…" Nilimdakia hapo kwenye "hata". Nilimweleza utaratibu wa kuahirisha masomo, fomu gani inajazwa, nani anaisaini, mwisho wake lini. Nilimwandikia namba ya chumba cha mlezi wa wanafunzi kwenye kikaratasi. Akakipokea kwa mikono miwili, akasema "Asante sana, Mwalimu", akaondoka, nami nikarudi kwenye karatasi zangu nikiona nimemsaidia mtu.

Baada ya wiki mbili hakuonekana tena darasani. Mwenzake wa chumba ndiye aliyeniambia kwamba yule kijana alikuwa haoni ubaoni. Macho yalianza kupungua nguvu muhula wa nyuma, akaona aibu kusema, akajidhania akili ndiyo imegoma. Aliporudi mwaka uliofuata, amevaa miwani, nilimuuliza siku ile alitaka kusema nini. Akaniambia: "Hata ubao siuoni." Maneno mawili ndiyo yaliyokuwa yamebaki. Sikuyangoja.

Kwa hiyo nikikuambia jambo la kufanyia kazi kabla ya kurudia vitendo, ni hilo: ngoja. Mtu akinyamaza, hesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo, ukimtazama kwa upole, bila kumkodolea. Mtafiti Mary Budd Rowe alilipima hilo kwa walimu wa sayansi miaka ya 1970. Kwa kawaida mwalimu akiuliza swali alikuwa anangoja kama sekunde moja tu, kisha anauliza tena au anajibu mwenyewe. Walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu na waliokuwa kimya wakaanza kujitokeza. Sekunde tatu utaziona ndefu mno. Utatamani kuzijaza na "eeh bwana". Zivumilie. Mara nyingi mtu anayeeleza jambo lake anaposimama anakuwa anatafuta ujasiri wa sentensi inayofuata, na ndiyo yenye mzigo.

Na kabla hujashauri, uliza: "Unataka tutafute njia pamoja, au nikusikilize tu kwanza?" Swali hilo lingemwokolea mwanafunzi wangu mwaka mzima.

*Mwalimu, kwenye mhadhara tumeambiwa asilimia 93 ya mawasiliano ni lugha ya mwili na maneno ni asilimia 7 tu. Naona kwenye mitandao pia wanasema hivyo. Niandike hivyo kwenye mtihani?*
*Mtahiniwa*

Usiandike hivyo. Andika zilikotoka, utampendeza zaidi msahihishaji.

Namba hizo zinatokana na kazi mbili za mwanasaikolojia Albert Mehrabian na wenzake zilizochapishwa mwaka 1967. Katika mojawapo, watu walisikilizishwa neno moja tu, lenye maana ya "labda", likitamkwa kwa sauti za namna mbalimbali, huku wakionyeshwa picha za nyuso. Kilichoulizwa ni hisia: huyu anampenda anayeongea naye, hampendi, au hana upande? Kutokana na kazi hizo mbili akapata hesabu yake: maneno asilimia 7, sauti asilimia 38, uso asilimia 55. Mehrabian mwenyewe amesisitiza kwamba hesabu hiyo ni ya pale tu mtu anapoeleza hisia au msimamo wake kwa mtu mwingine. Na uone kwamba ndani ya hizo 93 kuna 38 za sauti, ambazo si mwili hata kidogo.

Jaribu mwenyewe leo. Mwambie mwenzako, kwa uso na mikono na mguno bila neno, kwamba mtihani umesogezwa kutoka Jumanne saa nne hadi Alhamisi saa nane.

Ukweli ulio ndani ya kazi ile haupingiki na unafaa kushikwa: mtu akisema "sijakasirika" huku taya zimekaza, tunaamini taya. Hilo liandike.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa kundi letu la kazi ya darasa, tuko wanane. Mwenzetu mmoja hakuleta sehemu yake mara mbili. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Hujaleta sehemu yako tena. Unajua kabisa tunawasilisha Ijumaa. Unatuchelewesha, hujali, na kila siku una visingizio. Haya bwana, pumzika, sisi tutafanya." Mstari wa mwisho nilitania. Akajitoa kwenye kundi, na darasani hanisalimii. Mkufunzi alitufundisha tuseme "mimi", tusiseme "wewe". Nimeusoma ujumbe wangu mara kumi. Neno "wewe" halimo! Kosa langu liko wapi?*
*Mwenyekiti*

Marahaba. Barua yako nimeisomea wanafunzi wangu kwa sauti, bila kusema imetoka wapi, kwa sababu inafundisha jambo ambalo madaftari ya kozi hii hulipita.

Fundisho la "ujumbe wa mimi" alilieneza mwanasaikolojia wa Marekani Thomas Gordon miaka ya 1960. Alilifundisha kwa lugha ambayo "wewe" ni neno linalosimama peke yake. Ukilitafuta kwenye sentensi unaliona, unalitoa. Kwetu "wewe" hujificha ndani ya kitenzi. Rudi kwenye ujumbe wako ukiwa na kalamu, uzungushie duara kila *u-* na *hu-* inayomhusu yeye: *hu*jaleta, *u*najua, *u*natuchelewesha, *hu*jali, *u*na visingizio. Vidole vitano vimemnyooshea mtu mmoja ndani ya mistari mitatu, mbele ya watu sita wengine. Neno "wewe" halimo kweli. Yeye amelisikia mara tano.

Sasa tazama vitenzi vyenyewe, maana havina uzito sawa. "Hujaleta" ni jambo ulilolishuhudia. Hata yeye hawezi kulikana. "Unatuchelewesha" bado lina ukweli. Lakini "hujali" uliliona wapi? Kujali kuko ndani ya moyo wake. Hapo uliacha kusema alichofanya ukaanza kumwambia yeye ni mtu wa namna gani, na mtu akiambiwa hivyo hadharani hana pa kushika isipokuwa kujitetea au kuondoka. Huyu aliondoka.

Gordon alitaka ujumbe ubebe mambo matatu: kilichotokea, kimeniathiri vipi, na ninajisikiaje. Kiswahili kina njia nzuri ya kulisema la kwanza bila kumtaja mtu: kifanye kitu chenyewe kiwe mtenda. Badala ya "hujaleta sehemu yako", sema "sehemu ya tatu haijanifikia". Kitenzi kimebeba *i-* ya sehemu, hakijabeba *u-* ya mwenzako, na ukweli haujapungua hata kidogo. Mimi ningeandika hivi, tena kwake peke yake:

"Habari za leo. Sehemu ya tatu haijanifikia, na bila hiyo siwezi kufunga hesabu za sehemu ya nne. Nina wasiwasi na Ijumaa. Kuna kitu kimekwama? Nieleze tuone la kufanya."

Uangalie na mtego mmoja. Wanafunzi wangu wakishalijua fundisho hili huniletea sentensi kama "mimi nahisi kwamba hujali". Hiyo ni lawama ileile imevishwa "mimi". Baada ya "nahisi" pakifuata "kwamba", jichunguze. Hisia ni wasiwasi, uchovu, hasira, aibu.

Kuhusu utani wa mstari wa mwisho, pole, lakini wewe peke yako ndiye uliyeusikia. Mwaka 2005 ilichapishwa kazi ya Justin Kruger na wenzake waliowapa watu sentensi za kejeli na za dhati wazitume, wengine kwa sauti, wengine kwa baruapepe. Walioandika walitegemea wangeeleweka karibu mara nane kati ya kumi. Wapokeaji walipatia kidogo tu zaidi ya nusu, yaani karibu sawa na kurusha sarafu. Mwandishi anaposoma alichokiandika huisikia sauti yake mwenyewe kichwani, na anadhani imo kwenye maandishi.

Kuna jambo la kina zaidi ya maneno, nalo ni mahali. Mwanasosholojia Erving Goffman aliandika mwaka 1955 kwamba kila mtu anapokuwa mbele ya wenzake ana sura anayoilinda, na wenzake nao humsaidia kuilinda. Sisi tuna neno kwa hilo: kumsitiri mtu. Ujumbe uleule, hata ungekuwa na makosa yake yote, kama ungemwendea faraghani angekujibu, pengine kwa hasira, lakini angekujibu.

Unachoweza kufanya leo: mfuate ana kwa ana, mahali ambapo wenzenu hawapo. Mwambie, "Nilikusema mbele ya watu. Nilikosea. Naomba radhi." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe", maana neno hilo moja litafuta yote yaliyotangulia. Suala la sehemu ya tatu lina siku yake, na likifika, kama bado hafanyi kazi, lipeleke kwa mkufunzi wazi, naye akijua umelipeleka. Kumheshimu mtu hakumaanishi kumbebea mzigo wake.

*Mwalimu, mimi ni mkimya tangu utoto. Kundini moyo unanienda mbio, viganja vinalowa, na nikishapata la kusema wenzangu wamefika mbali. Nahisi kozi hii ni ya waongeaji. Je, mtu kama mimi anaweza kufaulu?*
*Anayekaa Nyuma*

Anaweza, na nimewaona wengi.

Kwanza jua hofu yako inakaa wapi. James McCroskey, aliyeichunguza hofu ya kuwasiliana kwa miaka mingi kuanzia 1970, alitengeneza dodoso la sentensi 24 linalogawa hali nne: kundi dogo, kikao, mazungumzo ya watu wawili, na kuhutubia. Kila hali ina sentensi sita. Huwa nawapa wanafunzi wangu wiki ya kwanza, na wengi hushangaa kuona alama zao hazilingani. Mtu anatetemeka kundini lakini wakiwa wawili ametulia kabisa. Mwombe mkufunzi wako akupe. Ukigundua watu wawili hawakutishi, anzia hapo: kabla ya kikao cha kundi mtafute mmoja wao, mwambie wazo lako. Mkiingia kikaoni wazo limeshatamkwa mara moja na lina shahidi.

Pili, hilo la kuchelewa. Usikimbizane nao kutafuta hoja mpya. Uliza kuhusu iliyosemwa. "Umesema wateja wawili walikataa. Walikataa kwa sababu gani?" Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba wanaouliza maswali, hasa yanayofuatilia alichosema mwenzao, hupendwa zaidi na waliozungumza nao. Swali la kufuatilia linaweza kuulizwa na mtu aliyesikiliza tu, kwa hiyo wewe uliyenyamaza umeshafanya nusu ya kazi. Nusu tu, lakini. Kuna ukimya wa kusikiliza na kuna ukimya wa kujiwazia "watanionaje", na kwa nje vinafanana.

Tena hilo la "watanionaje" lina jibu linalotuliza moyo. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi iliyowakutanisha watu wasiojuana wakazungumza, kisha kila mmoja akaulizwa amempenda mwenzake kiasi gani na anadhani mwenzake amempenda kiasi gani. Kwa kawaida watu walikuwa wamependwa zaidi ya walivyodhani. Uondokapo kikaoni ukijilaumu, mwenzako huenda anakumbuka lile swali lako moja.

*Mwalimu, tumefundishwa kumrudishia mtu alichosema ili ajue tumesikia. Nimefanya wiki nzima nyumbani kwa dada yangu. Jana akaniambia, "Umekuwa kasuku? Niache." Nimekosea wapi?*
*Mdogo Mtu*

Dada yako amekusahihisha vizuri kuliko ambavyo ningekusahihisha mimi.

Wanasaikolojia Carl Rogers na Richard Farson waliandika juu ya usikilizaji wa namna hii mwaka 1957, na walichosisitiza ni kwamba ujumbe una vitu viwili: kilichosemwa na hisia iliyo chini yake. Darasani tunafundisha kurudia kwa sababu hicho ndicho kinachoweza kuzoezwa kwa saa mbili. Mwanafunzi anabeba maneno, anaacha hisia.

Nitatunga mfano. Dada anaingia, anavua viatu, anasema: "Leo tena wamenipangia zamu ya usiku." Kasuku anajibu: "Kwa hiyo wamekupangia zamu ya usiku." Ndiyo, si amesema? Amerudishiwa kisichomuuma. Sikiliza sentensi ile kwa mara nyingine. Uchungu wake wote uko kwenye "tena". Anayesikiliza analigusa hilo: "Tena? Mara ya ngapi sasa?" Au anakisia kwa unyenyekevu, sauti ikipanda mwishoni ili dada aweze kukataa: "Naona kama umechoka kuonewa?" Akisema "hapana, si kuonewa, ni usafiri wa usiku ndio unaonitisha", umefaulu, hata kama ulikisia vibaya, kwa sababu amekuonyesha penyewe.

Tena usifanye hivyo kwa kila kitu. Akiuliza ufunguo uko wapi, mwambie ulipo. Njia hii ni ya pale unapoona jambo lina uzito, au hujaelewa, au mnakaribia kugombana.

Leo ukifika nyumbani usirudie chochote. Mwambie ukweli kwamba ulikuwa unafanya zoezi la chuo kwake bila kumwambia, umwombe radhi, kisha umuulize siku yake imekuwaje. Simu iache chumbani.